Nilisema wiki mbili, sasa mwezi wa tatu unaisha

BARUA

Mama Mshauri, shikamoo.

Mimi ni binti wa miaka 29, msanidi programu hapa Dar es Salaam. Kampuni yetu ni ndogo, upande wa ufundi tuko wawili tu, na kazi yetu kubwa ni kutunza mfumo wa akiba na mikopo wa SACCOS tatu. Mfumo huo hatukuuandika wenyewe tangu mwanzo. Umejengwa juu ya Apache Fineract, programu huria ambayo yeyote anaruhusiwa kuichukua na kuibadilisha. Kaka aliyenitangulia kazini, ambaye mpaka leo namwita Mwalimu kwa sababu karibu kila ninachokijua nimekipata kwake, aliinakili ikiwa toleo la 1.4 akaanza kuishona iwatoshe watu wetu: wadhamini wa mikopo, mkopo wa dharura, akiba ya sikukuu, meseji mwanachama akilipa kwa simu. Watu waliipenda. Wanachama waliokuwa wakisubiri wiki nzima kujua salio sasa wanalisoma kwenye simu zao. Mwaka juzi Mwalimu alipata kazi mahali pengine, nami nikarithi nakala yake.

Tangu alipoinakili, hakuna aliyerudi kwenye mradi mama, yaani Fineract yenyewe, kuchukua mabadiliko mapya. Yeye hakurudi, na mimi sikurudi. Halafu kila SACCOS ina tawi lake la msimbo, yaani nakala yake ya maandishi ya programu, kwa hiyo nikiziba hitilafu kwa mmoja ni lazima niende nikaizibe na kwa wale wawili, na siku nyingine nasahau.

Mwezi wa pili mkaguzi alifika kwenye SACCOS mojawapo. Kuhusu mfumo aliuliza swali moja: mnatumia toleo gani, na mara ya mwisho kupokea marekebisho ya usalama ilikuwa lini? Meneja wangu akanigeukia mbele ya bodi. Nikasikia mdomo wangu unajibu, "Tunahamia toleo jipya ndani ya wiki mbili." Meneja akatabasamu. Mkaguzi akaandika.

Usiku ule ule nikafungua kompyuta nikahesabu. Mradi mama umetutangulia kwa komiti (badiliko moja moja lililohifadhiwa) zaidi ya 3,000, na sisi tuna komiti 412 ambazo wao hawana. Nikatoa amri ya kuunganisha. Faili 386 zikarudi na migongano, mahali ambapo sisi na wao tumebadili mistari ile ile. Nilikaa mpaka saa nane usiku nikiziangalia zile alama, mishale saba na neno HEAD juu, mstari wa alama za sawa katikati, maandishi yao chini, faili baada ya faili, nikichagua ya kwetu, ya kwao, ya kwetu, mpaka nikawa sisomi tena. Nikaghairi yote. Kesho yake nikaanza upya kwenye tawi lingine. Mpaka leo nina matawi matano: "unganisha", "unganisha2", "unganisha-mpya", "unganisha-mwisho" na "unganisha-mwisho-kabisa".

Hilo la mwisho lilikubali. Programu iliwaka, na majaribio ya kiotomatiki tuliyonayo, ambayo ni machache, yakapita yote. Kwa furaha nikamwita mweka hazina wa SACCOS moja, mama mtu mzima ambaye bado ana kaunta buku lake la mikopo, aje alinganishe kwenye seva ya majaribio. Hakufika mbali. Aliweka kidole kwenye mstari wa tatu akasema, "Mwanangu, huyu rejesho lake la mwezi ni 83,350. Hapa mmemwandikia 83,400."

Nilitafuta siku nne. Mwalimu alikuwa ameandika sehemu yake mwenyewe ya kuzungusha marejesho kwenda kwenye shilingi 50 iliyo karibu, na juu yake ameacha maneno haya: USIGUSE HAPA, MKOPO WA DHARURA UNAHARIBIKA. Kwa mradi mama hesabu hiyo imehamia faili lingine, na huko inafuata mpangilio ulio kwenye kanzidata (hifadhi ya data), ambao kwetu uliwekwa 100 tangu siku ya kwanza. Ulikuwa umelala tu, kwa sababu Mwalimu aliukwepa. Baada ya kuunganisha, hesabu zote mbili zinafanyika, moja baada ya nyingine. Kilichonitia hofu kuliko vyote ni kwamba faili hilo halikuwemo kwenye zile 386. Git, programu inayotunza historia ya msimbo wetu, iliunganisha yenyewe bila kulalamika.

Mwenzangu anasema tuachane na mradi mama moja kwa moja, programu hii sasa ni yetu. Mimi usiku mwingine natamani kuanza na toleo jipya safi, lakini naona nitakuwa nimeitupa kazi ya mtu aliyenilea. Meneja anaamini "imebaki kidogo", maana ndivyo ninavyomwambia kila Jumatatu. Bodi inakutana mwisho wa mwezi. Silali. Mume wangu ananiuliza nina nini, nakosa pa kuanzia.

Nifanye nini, Mama? Na meneja nimwambie nini?

Aliyelemewa, Dar es Salaam

JIBU

Marahaba, mwanangu, na pole sana.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu mkononi, na nilipofika kwa yule mama mwenye kaunta buku niliiweka kalamu chini nikamshukuru Mungu kwamba ulimwita. Ungeweza kutomwita. Programu ilikuwa imewaka, majaribio yamepita, wiki mbili zilishapita zamani, na wewe umechoka. Ukamwita hata hivyo. Barua yako yote imejaa lawama kwa nafsi yako, na jambo hilo umelipita haraka kama kitu kidogo. Kwangu ni kubwa. Shilingi 50 kila mwezi kwa mkopaji, kwenye chama cha watu wanaoaminiana, ni kitu kinachovunja chama.

Nikikuelewa vizuri, una mizigo mitatu uliyoifunga kwa kamba moja. Upo usalama, ambao mkaguzi aliuulizia. Upo umbali kati ya nakala yenu na mradi mama. Na ipo ahadi uliyoitoa mbele ya bodi, ambayo kila Jumatatu unaiongezea neno. Ukiamka usiku unaviona vyote kama kitu kimoja kinachoitwa kuunganisha, na kwa sababu kuunganisha kumekushinda, vyote vitatu vinakuwa vimekushinda. Tuifungue hiyo kamba.

Anza na mkaguzi. Kwa maneno uliyoniandikia, hakudai toleo jipya. Aliuliza mnatumia toleo gani na mlipokea lini marekebisho ya usalama. Toleo jipya ulilitaja wewe. Je, inawezekana swali lake likajibiwa kwa njia fupi zaidi ya komiti 3,000? Nikupe mfano ulio wazi kwa kila mtu. Mwaka 2022 lilitangazwa pengo la usalama la Fineract lenye namba CVE-2022-44635. Lilikuwa kwenye sehemu ya kupakia faili, na mtu mwenye akaunti ndani ya mfumo angeweza kulitumia kuendesha amri zake kwenye seva. Liligusa toleo la 1.8.0 na yaliyotangulia, na likazibwa kwenye 1.8.1. Ninyi mko kwenye 1.4. Pengo kama hilo haliwezi kusubiri mpaka uhesabiwe ushindi kwenye faili 386, lakini pia halikuhitaji uzimalize. Komiti iliyoliziba inaweza kuchumwa peke yake kwa git cherry-pick, ukaweka na ile -x ili ujumbe wa komiti ubaki na kumbukumbu ya ilikotoka, kisha ikapandwa kwenye nakala yenu. Ukichukua orodha ya mapengo yaliyotangazwa tangu 1.4, ukaweka mbele ya kila moja "tumeziba", "halituhusu kwa sababu hii" au "bado", hiyo ni karatasi ambayo mkaguzi anaielewa.

Njia hiyo nayo ina hatari zake. Msimbo wa 1.8 umekwisha kubadilika, kwa hiyo kiraka kinaweza kukaa mahali pasipo pake, kikaonekana kimeshika na kumbe mlango uko pembeni. Itabidi ukielewe kwanza, usikibandike tu. Hatari ya pili ni ya mazoea. Nimeona watu waliochuma kiraka kimoja kimoja miaka minne mfululizo, na kila mwaka kikawa kigumu kuliko mwaka uliotangulia, kwa sababu hakuna kilichokuwa kikipunguza umbali wenyewe.

Sasa huo umbali. Hapa nataka kukuuliza swali ambalo huenda litakuudhi kidogo, nivumilie. Umeandika kwamba mna komiti 412 za kwenu. Una hakika zote ni za kwenu?

Angalia hiyo hesabu ya shilingi 50. Mwalimu aliiandika kwa sababu watu wenu hulipa mkononi na hakuna mwenye sarafu ya shilingi tano, nadhani. Sababu nzuri kabisa. Lakini Fineract ina mpangilio, kwenye bidhaa ya mkopo yenyewe, unaosema rejesho liwe katika mafungu ya kiasi fulani, na upo mwingine kwenye sarafu, ambao naona ndio uliowekwa 100 ukalala. Huenda alichokifanya Mwalimu kwa msimbo kinaweza kufanywa kwa kuandika 50 kwenye kisanduku. Nasema huenda. Mtu haandiki USIGUSE kwa herufi kubwa bila kuwa ameumia. Labda aliujaribu mpangilio ule akakuta salio linaloelea linaangukia rejesho la mwisho kwa namna ambayo mkopo mfupi wa dharura haukubali. Labda hakujua kama upo. Mimi na wewe hatujui, ila yupo mtu anayejua na simu yake unayo. Nitarudi kwake.

Au wadhamini. Fineract ina wadhamini wa mikopo ndani yake. Huenda kanuni zenu ni tofauti, mfano mdhamini kutoruhusiwa kutoa akiba yake mpaka mkopo ufike nusu, lakini kati ya kanuni hiyo na sehemu nzima ya wadhamini kuna tofauti kubwa ya msimbo wa kubeba. Sehemu za kujaza taarifa za ziada, jina la kituo cha kazi au namba ya uanachama ya zamani, zinaweza kukaa kwenye majedwali ya ziada ambayo mfumo unakuruhusu kuyaunda bila kugusa msimbo. Meseji za malipo zinaweza kutumwa na programu ndogo ya pembeni, mfumo ukiiambia tu kwamba tukio limetokea, na njia hiyo nayo imo tayari. Na matoleo mapya yametengewa folda ya moduli za ziada, mahususi kwa watu kama ninyi, ili kilicho chenu kikae chumba chake badala ya kuchanganywa na cha mradi mama kwenye faili moja.

Ningekuwa jirani yako ningekuja na chai tukae mchana mmoja, wewe, mwenzako na mimi, na orodha ya hizo 412 imechapwa kwenye karatasi. Tungeandika pembeni ya kila moja: hii mradi mama wamekwisha kuifanya, hii inaweza kuhamia nje, hii hakuna anayeitumia tena, hii ni yetu kweli na lazima ibaki ndani. Sijui rundo la mwisho litakuwa na ngapi. Ila mpaka ulihesabu, hujui ukubwa wa kazi unayojilaumu kwamba hukuimaliza.

Na ile hofu yako kwamba Git iliunganisha bila kulalamika, ni hofu ya mtu mwenye akili timamu, ishike. Git hulinganisha maandishi. Huchukua pale mlipoachana, ikaangalia ninyi mlibadili mistari ipi na wao ipi, na kama mistari haikugusana inaona hakuna ugomvi. Haijui kuwa mstari wako na mstari wao vyote vinazungusha fedha ya mtu yule yule. Hata faili likihamishwa, Git haina kumbukumbu ya kuhamishwa kwake. Inakisia kwa kufanana, na kiwango chake cha kawaida ni asilimia 50. Mradi mama wamegawa msimbo wao kwenye moduli nyingi tangu 1.4, kwa hiyo faili zilizohama ni nyingi mno, na zikizidi kiwango Git huacha kukisia. Kwa hiyo ile 386 uliyoiogopa inapima mahali ambapo Git ilikuwa na shaka. Mahali ambapo haikuwa na shaka na bado ikakosea, hakuna namba inayokuambia.

Kuna kaunta buku tu. Hebu fikiria kulichukua kama mtihani. Mikopo 20, kila aina iwepo: wa kawaida, wa dharura, uliocheleweshwa, uliolipwa mapema, wenye wadhamini watatu. Andika kila mmoja kama jaribio la kiotomatiki, jibu sahihi likiwa lile lililo kwenye daftari. Yaendeshe kwanza kwenye mfumo mnaoutumia leo. Yakipita hapo, una kipimo utakachokwenda nacho njia yoyote utakayoichagua, na hutakuwa unategemea macho yako ya saa nane usiku.

Njia zenyewe naziona tatu, na zote nimeona watu wazima wenye busara wakizipita.

Unaweza kupanda ngazi kwa ngazi. Usiunganishe kutoka 1.4 hadi leo kwa pigo moja, nenda 1.5, pima, pumua, nenda inayofuata. Kuna sehemu ambapo huna hiari: mpaka 1.6 mradi mama walikuwa wakibadili kanzidata kwa Flyway, zana inayoendesha hati za mabadiliko kwa kufuata namba, na kuanzia 1.7 wakahamia zana nyingine, Liquibase, na maelekezo yao yanamtaka anayetoka nyuma apitie 1.6 kwanza ili hati zote za Flyway ziwe zimemaliza kazi. Nina wasiwasi na ninyi hapo. Kama Mwalimu alikuwa akiongeza hati zake za Flyway kwa kufuata namba iliyofuata, basi namba zile zile mradi mama nao walizitumia kwa mambo mengine, na Flyway haikubali hati mbili zenye namba moja. Chungulia jedwali la historia kwenye kanzidata zote tatu kabla ya chochote. Faida ya njia hii ni kwamba migongano huja michache na unajua imetoka toleo gani. Gharama yake ni kwamba sehemu ile ile utaitatua mara nne, mara tano. Git ina kitu kinaitwa rerere ambacho hukumbuka ulivyotatua mgongano na kurudia utatuzi ule ule ukijitokeza tena, kinapunguza uchovu, lakini hukumbuka na makosa pia.

Unaweza kuanza na toleo jipya safi na kupandikiza yale ya rundo la mwisho tu. Ndiyo ndoto yako ya usiku. Ni njia safi kwa msimbo, na kwa data ni ngumu, maana kanzidata za SACCOS tatu zenye safu za ziada alizozitia Mwalimu haziwi safi kwa sababu msimbo umekuwa safi. Hatari yake nyingine ni sababu zilizosahaulika. Kila kitu utakachokiacha kwa kuona hakina kazi, kuna siku mtu wa dirishani atakitafuta.

Na unaweza kumsikiliza mwenzako mkaachana na mradi mama. Watu wamefanya hivyo na wakafika. LibreOffice, programu ya kazi za ofisi, ilijitenga na OpenOffice.org mwaka 2010 na ikaendelea kuishi. io.js ilijitenga na Node.js, jukwaa la kuendesha programu za JavaScript, mwaka 2014, na mwaka uliofuata wakarudiana, kila upande ukiwa umejifunza kitu. Lakini nyuma ya hizo kulikuwa na jumuiya za watu wengi. Ninyi mko wawili, na mnatunza fedha za watu. Muulize mwenzako kwa upole: pengo lijalo la usalama likitangazwa, nani kati yetu atalitafuta, na siku akiwa na mtoto mgonjwa je?

Njia yoyote kati ya hizo itakusumbua ikiwa matawi matatu ya SACCOS yatabaki yalivyo, kwa sababu kila hatua utaihesabu mara tatu. Fineract imejengwa kuhudumia taasisi nyingi kwa msimbo mmoja, kila taasisi na kanzidata yake. Tofauti za wateja wako watatu, ukizitazama, ngapi zinahitaji msimbo tofauti na ngapi ni viwango vya riba na nembo? Na hata kama hutabadili kingine mwezi huu, weka tawi moja ambalo ni kioo cha mradi mama, hamwandiki chochote ndani yake, linapokea tu kutoka kwao kila wiki. Angalau umbali utakuwa unaonekana unavyokua.

Sasa Mwalimu. Unasema utaitupa kazi yake. Mwanangu, kazi yake ilikuwa kumfanya mwanachama asome salio lake kwenye simu. Hilo liko palepale. Msimbo wa kuzungusha shilingi 50 ni njia aliyoipata kwa toleo la 1.4, siku hiyo, na alichokuwa anakijua. Mpigie. Usimpigie kama mshitaki wala kama mtu anayeomba ruhusa. Msomee yale maneno ya USIGUSE umuulize, "Kaka, hapa uliumia na nini?" Nadhani atafurahi kuulizwa. Sijakuona ukisema popote kwamba umewahi kumuuliza.

Meneja ndiye mgumu, najua. Huo uongo wa "imebaki kidogo" haukuanza kwa nia mbaya. Ulianza kwa kumwogopa mkaguzi na ukaendelea kwa aibu. Ukiendelea nao mpaka bodi ikutane, mambo mawili yanaweza kutokea: mtaweka "unganisha-mwisho-kabisa" mbele ya wanachama kwa shinikizo la tarehe, au utasema ukweli mbele ya watu kumi badala ya mmoja. Ukimwambia kabla, kuna uwezekano akakasirika. Sitakuficha, anaweza pia kukuondolea kazi hiyo au kukupunguzia imani kwa muda. Wewe unamjua kuliko mimi. Kama ungeamua kumwambia, usiende mikono mitupu. Nenda na karatasi ya mapengo ya usalama, nenda na ile 83,400 dhidi ya 83,350, umweleze kwamba mlikuwa hatua moja kuwatoza watu kiasi kisicho chao na mkazuia. Mwombe muda unaoweza kuutetea. Meneja anayeshika fedha za watu akiiona ile tofauti kwa macho yake, ataelewa kwa nini wiki mbili haikuwa namba.

Mume wako naye, mwanzie hapo hapo, kwenye kidole cha yule mama juu ya mstari wa tatu. Atakufuata.

Lile tawi la "unganisha-mwisho-kabisa" usilifute kwa sasa, lina maamuzi 386 uliyoyafanya na baadhi yake ni mazuri. Na kabla ya kikao, mwombe mweka hazina akuruhusu kupiga picha kurasa za mikopo ya dharura za miezi sita iliyopita. Niandikie ukishazungumza na Mwalimu, nataka kujua aliumia na nini.

Mama Mshauri